Saa tano ya Segera

Dereva aliingia ofisini kwetu Chumbageni, Tanga, na karatasi mkononi, na alipokaribishwa kiti hakukaa. Ripoti ya safari yake ilionyesha kuwa lori limepita Segera saa 11:05 asubuhi. Kwa kanuni za kampuni huko ni kuchelewa, na posho yake ilikuwa imeshakatwa. "Mwanangu," aliniambia, maana ni mtu wa rika la baba yangu, "saa tano hiyo mimi nilishapita Mombo. Segera nimepita saa mbili na dakika zake. Kamuulize muuza mahindi."

Sikwenda kwa muuza mahindi. Kati ya saa mbili na saa tano kuna saa tatu, na mtu aliyeshika hifadhidata Afrika Mashariki akisikia kosa la saa tatu kamili, moyo humdunda: sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, UTC. Siku hiyo hiyo tulikiona chanzo. Malori ya kampuni, kama 180, yamefungwa vifaa vinavyotuma mahali gari lilipo kila baada ya sekunde 10 injini ikiwa inawaka. Theluthi moja ya vifaa hivyo ilinunuliwa kwa muuzaji mwingine, na vyenyewe vilikuwa vikituma saa ya hapa nyumbani. Programu yetu ilidhani vinatuma UTC kama wenzao, ikaihifadhi saa ilivyokuja, na kila ilipoionyesha ikaongeza saa tatu. Lori lililopita Segera 08:05 likasomeka 11:05. Miaka miwili mizima.

Vifaa vilirekebishwa kwa dakika chache. Kilichotutoa jasho ni sentensi iliyofuata, niliyoitamka mwenyewe mbele ya bosi: "Basi, na zile za zamani nitazipunguza saa tatu usiku."

Jedwali linaitwa nafasi. Hifadhidata ni PostgreSQL, iko kwenye seva ya kukodi Dar es Salaam. Tanga tuna nakala yake inayojisasisha kwa intaneti, na ripoti zote husomwa humo. Rekodi zilikuwa karibu milioni 580, na za vifaa vibovu, tulivyovipa jina la kundi B, karibu milioni 190. Jedwali lenyewe GB 60 hivi, na faharasa zake tano, yaani orodha za kutafutia rekodi haraka, zilikuwa zimekula kiasi kinachokaribia hicho tena.

Jambo moja tulilifanya sawasawa. Bomba likivuja hupigi deki kabla ya kufunga koki: tulirekebisha kwanza programu ili rekodi mpya ziingie zikiwa sahihi, tukaiandika pembeni namba ya rekodi ya mwisho yenye kosa. Juu ya namba hiyo hakuna kugusa. Baada ya hapo nikaanza kuharibu.

Ijumaa usiku

Saa nne usiku niliandika amri moja ya UPDATE: wakati utoe saa tatu, kwa rekodi zote za kundi B. Kwenye jedwali la majaribio lenye rekodi laki moja ilikuwa imemaliza kabla sijashusha kikombe cha kahawa. Nikaiachia, nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri simu ikalia. Wa zamu anasema ramani ya malori imeganda. Kabla sijafika ofisini simu ya pili: seva yenyewe imelala, diski imejaa.

Kosa langu ni la watu wengi, kwa hiyo acha nilieleze kwa urefu. PostgreSQL haifuti thamani ya zamani ikaandika mpya juu yake. Kila badiliko huandika toleo jipya la rekodi nzima, na lile la zamani hubaki pale pale, ili aliyekuwa anasoma katikati ya kazi aendelee kuona kilichokuwepo. Toleo la zamani huja kuondolewa baadaye na fagio linaloitwa VACUUM. Kwa hiyo anayebadili rekodi milioni 190 kwa kweli anaandika rekodi milioni 190 mpya. Iko njia ya mkato: badiliko lisipogusa safu yoyote iliyomo kwenye faharasa, na ukurasa wa faili inamokaa rekodi ukiwa na nafasi, faharasa huachwa zilivyo. Lakini safu ya wakati ndiyo iliyo kwenye faharasa tunayoitegemea kuliko zote. Njia ya mkato ikafungwa, na kila toleo jipya likadai kuandikishwa kwenye faharasa zote tano, hata zile zisizojua wakati ni nini.

Juu ya hayo liko jarida. Kila kitu huandikwa kwanza kwenye jarida la mabadiliko ili umeme ukikatika kazi isipotee. Tena baada ya kila kituo cha ukaguzi, pale hifadhidata inapomaliza kuyashusha mabadiliko diskini, ukurasa unapoguswa mara ya kwanza huingizwa jaridani mzima, KB 8, hata kama umebadilisha rekodi moja tu ndani yake. Na jarida halifutwi mpaka nakala ya Tanga ithibitishe kuwa imelipokea. Intaneti yetu usiku ule ilikuwa inapeleka kwa kijiko kile ambacho Dar ilikuwa inamwaga kwa pipa. Jedwali na faharasa zilinenepa, ndiyo, ila kilichoijaza diski mpaka ukingoni ni jarida lililokuwa linaingojea Tanga. PostgreSQL ikikosa pa kuandikia jarida haisitisiti, husimama kabisa.

Na ramani? Hiyo ilinifundisha jambo nililokuwa nikilisoma bila kulielewa. Ramani husoma jedwali dogo sana, lenye rekodi 180, moja kwa kila lori, na kila lori hubadilisha ya kwake kila sekunde 10. Siku zote fagio hupita humo mara kwa mara na hakuna anayejua. Lakini muamala, yaani kazi inayothibitishwa yote au kutanguka yote, ukiwa wazi kwa saa nyingi, fagio haliruhusiwi kuondoa toleo lolote lililokufa baada ya muamala huo kuanza, kwenye jedwali lolote, kwa sababu huenda muamala huo ukalihitaji. Haijalishi kwamba UPDATE yangu haikugusa jedwali la ramani hata kidogo. Kufikia alfajiri ramani ilikuwa inapekua matoleo mfu laki na zaidi ili ipate rekodi zake 180.

Mwenzetu wa seva alikuwa msibani Muheza. Alirudi, akaongeza diski, akaiamsha. Muamala ulikuwa umetanguka wote, hakuna rekodi hata moja iliyobadilika nusu. Kwenye hifadhidata nyingine, MySQL yenye InnoDB, tungengoja irudishe badiliko moja moja, na kurudisha huko kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. PostgreSQL huyahesabu tu matoleo yale kuwa hayakuwahi kuwa halali, ikaendelea. Takataka lakini hubaki. VACUUM inaweza kurudisha kwa mfumo kurasa tupu zilizo mwisho wa faili, na matoleo yangu ya bure yalikuwa yamejazana huko huko mwisho. Bahati mbaya malori hayalali: usiku kucha yaliendelea kuingiza rekodi mpya, nazo zikakaa nyuma ya takataka. Faili likabaki na GB 12 hivi za hewa katikati, nafasi inayoweza kutumika tena na jedwali hilo hilo lakini isiyorudi kwenye diski.

Njia tulizoziacha

Kama tungekuwa na diski ya kutosha ningejenga jedwali jipya pembeni: kunakili zote, saa za kundi B zikirekebishwa njiani, kisha kujenga faharasa mara moja mwishoni, kisha kubadilishana majina. Kuandika kwa mfululizo namna hiyo ni haraka sana, na hakuna takataka. Kipimo changu, ambacho si sheria ya mtu, ni kwamba ukitaka kubadilisha zaidi ya theluthi ya jedwali, anza kwa kufikiria njia hii. Tulikuwa pale pale kwenye theluthi, na diski haikuwepo.

Kama jedwali lingekuwa limegawanywa kwa miezi, jambo ambalo PostgreSQL inaliwezesha vizuri tangu toleo la 10 la mwaka 2017, ningeshughulika na mwezi mmoja mmoja. Halikugawanywa. Aliyelijenga ni mimi.

Njia ya tatu mwenzetu wa seva hunitania nayo hadi leo: kutogusa kitu. Weka mwonekano juu ya jedwali, yaani swali lililohifadhiwa linalosomwa kama jedwali, unaopunguza saa tatu kwa kundi B wakati wa kusoma, basi. Kwa rekodi za zaidi ya mwaka, ambazo nadra mtu kuzifungua, naona alikuwa na haki. Bosi alitaka data iwe sahihi yenyewe, na mimi nilitaka kujifuta aibu ya Ijumaa.

Mafungu

Soko la Mgandini nyanya huuzwa kwa fungu, na ndivyo tulivyoamua. Badala ya muamala mmoja wa rekodi milioni 190, miamala midogo, kila mmoja ukichukua safa ya namba za rekodi na kuthibitishwa kabla ya unaofuata. Kwa namba za rekodi, nasisitiza, kuanzia namba hii hadi ile. Nimeona watu wakitumia OFFSET, ya kuruka idadi fulani ya rekodi za mwanzo, na hiyo huhesabu upya rekodi zote ilizoruka kila mara, kwa hiyo fungu la mwisho huwa zito mara elfu kuliko la kwanza.

Ukubwa wa fungu tuliupata kwa kupima. Namba 1,000 zilipoteza muda mwingi katika kwenda na kurudi Dar. Namba 200,000 zilichukua zaidi ya sekunde 15 na kuichelewesha nakala ya Tanga kwa dakika kadhaa. Namba 20,000 zilichukua sekunde moja na nusu. Tukaweka pumziko la sekunde moja kati ya fungu na fungu, na sharti kwamba jarida linaloingojea Tanga likizidi MB 200, skripti ikae kimya mpaka lishuke. Mafungu 29,000, jumla kama saa 20 za kazi: usiku nne, kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri.

Tulirekebisha pia fagio. Kwa mpangilio tuliokuwa nao, VACUUM ya kujiendesha hungoja rekodi mfu zifike asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali dogo ni sawa. Kwa letu ni milioni 116 za mizoga kabla fagio halijainuka. Tukashusha hadi asilimia 1 kwa jedwali hilo pekee, ili nafasi iliyoachwa na mafungu ya mwanzo itumiwe na yanayofuata.

Nusura nifanye jingine. Takwimu za seva ya Dar zilisema faharasa ya tatu haijasomwa hata mara moja, nikafurahi: nne ni nafuu kuliko tano, hii ifutwe. Kabla ya kubonyeza nikakumbuka kuangalia takwimu za nakala, maana kila seva hujihesabia usomaji wake. Ya Tanga ilikuwa inaitumia kila asubuhi kwa ripoti. Ikaachwa.

Usiku wa Jumatatu na Jumanne kazi ilikwenda. Ramani haikutikisika. Mafungu kama 14,000 yakakamilika, kutoka rekodi za zamani kuja za karibuni, na Jumatano asubuhi nilikuja kazini nikitembea kama bwana harusi.

Saa tano tena

Dada wa ripoti alikuwa anamtolea mteja karatasi za safari za mwaka uliopita. Akaniita. "Kaka, mbona kazi yako haijabadilisha kitu? Huyu alikuwa na saa tano, bado ana saa tano. Ila naona sasa mmeanza kuandika saa za Kiswahili."

Nikaitazama karatasi. 05:07.

Ilinichukua muda kuelewa alichokiona. Karatasi ya zamani ilisema 11:07, naye, kama sisi sote, aliisoma saa tano. Karatasi mpya imesema 05:07, na huku kwetu mtu akiandika 5:07 kwa kalamu huwa anamaanisha saa tano na dakika saba. Kwa jicho lake wakati ulikuwa ule ule, umebadilishwa vazi tu. Kwa jicho langu, aliyepaswa kusomeka 08:07 alikuwa amesukumwa nyuma mara mbili. Tofauti ya saa sita, ile tuliyozaliwa nayo kati ya jua letu na mshale wa saa, ilikuwa imelifunika kosa langu kama kanga. Sijui lingekaa hivyo muda gani laiti asingependa kujua kwa nini tumehamia Kiswahili.

Chanzo hakikuwa mbali. Skripti ilikuwa inaendeshwa kutoka Tanga, na kumbukumbu ya fungu lililokwisha ilikuwa inaandikwa kwenye faili la kompyuta ya ofisini baada ya jibu la COMMIT, amri ya kuthibitisha muamala, kurudi. Intaneti ikikatika, skripti ilihesabu fungu limeshindikana, ikaunganisha tena na kulirudia. Kuna nyakati kulikuwa kumeshindikana kweli. Nyingine COMMIT ilikuwa imefika Dar na kazi imethibitishwa, jibu ndilo lililopotelea njiani. Anayetuma hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili. Kama badiliko lingekuwa "weka hali iwe sahihi", kulirudia kusingedhuru. Kupunguza saa tatu ni badiliko la aina nyingine: kila ukilirudia linakwenda mbele tena.

Mafungu mangapi yamerudiwa? Faili halikujua, hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Kilichotuokoa ni safu ya imepokelewa, ambayo seva hujaza yenyewe kwa saa yake rekodi inapoingia. Rekodi iliyo sahihi ina wakati unaokaribiana na imepokelewa. Isiyoguswa iko mbele kwa saa tatu, kana kwamba imetoka kesho. Iliyorudiwa iko nyuma kwa saa tatu. Rahisi, mpaka unapokumbuka kuwa vifaa hivi vikikosa mtandao huko porini hujilimbikizia nafasi na kuzituma baadaye, kwa hiyo zipo rekodi halali kabisa zilizochelewa saa tatu. Rekodi moja moja haiwezi kujitetea.

Tukauliza kwa fungu zima. Namba 20,000 ni rekodi za malori mengi kwa kama nusu saa. Katika fungu la kawaida nyingi za kundi B zinakaribiana na imepokelewa, na chache tu zimechelewa. Katika fungu lililorudiwa hakuna hata moja iliyo karibu. Zote ziko saa tatu nyuma au zaidi, kana kwamba malori yote 60 yalikosa mtandao kwa pamoja. Swali moja kwa mafungu 14,000, lililoendeshwa kwenye nakala ili Dar isisumbuke, likatoa saba.

Tiba ya yaliyobaki ni mistari michache, na naiweka hapa kwa sababu ndiyo ningepaswa kuanza nayo. Kumbukumbu ya kazi ihamie ndani ya hifadhidata, ndani ya muamala ule ule:

BEGIN;
INSERT INTO mafungu VALUES ('punguza-saa-B', 280000000);
UPDATE nafasi SET wakati = wakati - interval '3 hours'
WHERE id > 280000000 AND id <= 280020000 AND kundi = 'B';
COMMIT;

Jedwali la mafungu lina ufunguo mkuu, usioruhusu kujirudia, juu ya safu zake mbili, jina la kazi na namba ya kuanzia. Fungu likithibitishwa, alama yake imethibitishwa nalo. Likitanguka, alama imetanguka nalo. Skripti ikirudia fungu lililokwisha, INSERT inagonga ufunguo, muamala wote unakataliwa, na UPDATE haipati nafasi ya kufanya lolote.

Yale saba yaliongezewa saa tatu kwa utaratibu huo huo, chini ya jina jingine la kazi. Kisha mwenzetu wa seva akataka skripti ihamishiwe Dar, karibu na hifadhidata, mtandao usitusumbue tena. Nikamwomba usiku mmoja iendelee kutoka Tanga. Nilitaka intaneti ile ile iliyonivua nguo inipime tena. Usiku huo ilikatika mara nyingi kuliko kawaida, na mara tatu skripti iliporudia fungu ilijibiwa kuwa ufunguo huo upo tayari, ikaliruka na kuendelea. Mara tatu ambazo kwa njia ya zamani zingekuwa 05:07 nyingine. Kesho yake tukaihamishia Dar kweli, na usiku uliofuata ikamaliza.

Jedwali bado ni nene kuliko linavyostahili, na kulipunguza kutangoja tutakapoligawanya kwa miezi. Ripoti ya dereva ilikuwa kwenye mafungu ya mwisho mwisho. Dada wa ripoti aliichapa upya: Segera, 08:05. Kabla ya kumpa alichukua kalamu akaandika pembeni, saa 2:05, akaizungushia duara.

Mzee aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Akauliza posho yake. Dada akamwambia imeshapelekwa kwa mhasibu, italipwa mwisho wa mwezi.

"Mwisho wa mwezi wa Kiswahili," akauliza, "au wa Kizungu?"